Aliyebebeshwa Jicho la Mdogo Wake

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, familia imenituma mimi, binti wa mdogo wake, niwasomee maisha ya Shangazi yetu, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakumpenda mtu anayesoma kwa kunong'ona, nitapaza sauti, na walio nyuma kabisa wakishindwa kunisikia wanyooshe mkono bila kuona haya.

Shangazi alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa Babu, aliyekuwa mpakiaji kiwandani hapo, na Bibi, aliyekuwa akishona magunia kibarazani, na kwa karibu miaka sita alikuwa peke yake, akidekezwa na mtaa mzima, mpaka tarehe 20 Januari 1955, alipozaliwa mdogo wake wa pekee, yaani baba yangu, huyu mnayemwona mbele hapa amevaa kofia ya kijivu. Inasemekana alipoonyeshwa huyo mtoto kwa mara ya kwanza alimtazama sana, akauliza kama anaweza kurudishwa, akaambiwa hawezi, akasema basi nipeni nimbebe, na tangu siku hiyo hakumtua.

Sasa lazima niwasimulie jambo la mwaka 1956, kwa sababu bila hilo hamtamwelewa mtu tunayemzika leo.

Mwezi wa sita mwaka huo Bibi alikuwa uani akianika nguo, akamwambia Shangazi, aliyekuwa na miaka saba, amwangalie mtoto, na mtoto akaushika ufagio wa vijiti, Shangazi akamnyang'anya, wakavutana, mtoto akaanguka akalia, na jioni jicho lake la kushoto lilikuwa jekundu. Siku chache baadaye likavimba, akapelekwa hospitali, na mwezi wa saba likatolewa. Hapakuwa na mtu aliyeuliza maswali mengi, kwani ufagio ulikuwepo, kijiti kilikuwepo, na msichana aliyeachiwa mtoto alikuwepo. Shangazi yake Babu, tuliyemwita Bibi Mkubwa, ndiye aliyetamka, akasema huyu ndiye aliyemtoboa mwenzake jicho, na kila ukoo ulipokutana, iwe arusi, iwe msiba, alikuwa akimwonyesha kwa kidole wageni wasiomjua, kama mtu anayetambulisha mlango wa choo.

Shangazi aliniambia mimi mwenyewe, nikiwa mtu mzima, maneno ambayo sijayasahau. Alisema, "Sikumbuki kumchoma. Lakini tatizo ni kwamba sikumbuki pia kutomchoma." Nadhani hapo ndipo palipomuumiza, kwamba hakuwa na ushahidi hata wa kujitetea mbele ya nafsi yake.

Baba yangu kwa upande wake alikua bila kinyongo chochote, tena naomba mnisamehe, Baba, nikisema ukweli, alilifanya lile jicho kuwa mradi. Shangazi akipewa kipande cha nyama kikubwa, yeye anajishika kwenye kope na kuugua kidogo, nyama inahamia sahani ya pili. Zamu ya kuosha vyombo ikifika, anasema jicho linawasha. Yeye aliona ni utani wa ndugu wawili, na Shangazi alicheka kila mara, kwa hiyo Baba hakuwahi kujua kwamba mwenzake alikuwa anacheka huku anatoa.

Kuhusu elimu, Shangazi alianza shule ya msingi Januari 1957, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi Novemba 1968, akifanya vizuri katika hesabu kuliko darasa zima, na mwalimu mkuu akamchagulia nafasi katika chuo cha ualimu kilichokuwa mji mwingine, safari ya siku nzima. Aliikataa. Mwalimu mkuu alipomwuliza sababu, alijibu kwamba mdogo wake hawezi kuvuka barabara peke yake, jambo lililomshangaza sana mwalimu, maana mdogo mwenyewe wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu, anacheza winga ya kulia, na barabara alikuwa anaivuka mbio huku akitukanwa na madereva.

Tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa na kampuni ya umeme kama opereta wa simu, akafundishwa kazi kwa miezi sita, na akakaa kwenye swichibodi hiyo, baadaye kama opereta mkuu, mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2004. Chumba chao kilikuwa ghorofa ya chini, kina feni moja iliyolia kama bata, viti vitatu virefu, na dirisha linalotazama maegesho ya magari ya mafundi, na kila aliyepiga simu alipokelewa na sauti ileile, nzito kidogo, isiyo na haraka, ikisema, "Hapa Umeme." Watu walipiga wakiwa wamevimba kwa hasira, nyama imeoza kwenye friji, mtoto ana mtihani kesho, wakamtukana matusi ya kila aina, naye anasubiri yaishe, kisha anasema, "Pole, baba, hata sisi huku tumekaa gizani tunapepeana kwa faili," na mtu anacheka kabla hajakumbuka kwamba ana hasira. Sokoni alikuwa akiuliza bei ya vitunguu na muuzaji anageuka ghafla, anamwambia, "Wewe si ndiye Hapa Umeme?" Ndivyo alivyopata jina la Mama Umeme, ambalo wengi wenu hapa ndilo pekee mnalomjua nalo.

Wachumba hawakukosekana, ila kila mmoja aliambiwa angoje kwanza mdogo wake apate kazi ya kueleweka, nao hawakungoja. Baba alipata kazi katika kiwanda cha mikate mwaka 1977, na wakati huohuo fundi mmoja wa mafriji alikuwa na tabia ya kupiga simu kila siku baada ya chakula cha mchana kuripoti kwamba umeme umekatika kwenye karakana yake, na huku nyuma mashine inasikika ikinguruma. Shangazi alimvumilia wiki kadhaa, kisha akamwambia, "Fundi, umeme wako haujakatika, anayekatika ni wewe, njoo nyumbani uonane na wazee." Walifunga ndoa tarehe 9 Septemba 1978, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume, aliyezaliwa tarehe 11 Juni 1980, ndiye kaka yetu fundi wa lifti, na waliishi kwa raha na mabishano ya kawaida mpaka fundi alipotangulia mwezi wa nne mwaka 2011.

Mimi nilizaliwa Mei 1985. Nilipokuwa na miezi minane, mama yangu alikuwa ananinyonyesha karibu na mlango, mwanga wa nje ukanipiga usoni kwa pembeni, akaona ndani ya mboni yangu ya kushoto weupe unaong'aa, kama jicho la paka likimulikwa na tochi. Alidhani ni mwanga tu. Akanigeuza, akaona tena. Hospitali walisema ni saratani ya jicho, ile inayoota kwa watoto wadogo kwenye utando wa nyuma unaopokea mwanga, ugonjwa ambao ni nadra sana, na kwamba imeshaingia macho yote mawili. La kushoto walilitoa. La kulia walilipigania kwa mionzi na kwa kugandisha kwa baridi, wakashinda, na ndilo ninalowasomea nalo sasa hivi.

Katika siku hizo za matibabu, daktari wa macho wa watoto, mzee mmoja mtaratibu aliyekuwa akizungumza na wagonjwa akiwa amechuchumaa, alimtazama Baba usoni akamwuliza, "Na wewe, hilo la kwako lilipotea vipi?" Baba akacheka, kama alivyozoea, akasema dada yake alimchoma na kijiti cha ufagio. Daktari hakucheka. Akauliza, "Ulikuwa na umri gani?" Baba akasema mwaka mmoja na nusu. Daktari akasema huenda hakikuwa kijiti, huenda wewe na mtoto wako mmeugua kitu kimoja, ila jicho lako halikupimwa wakati ule, na kipimo cha damu cha kutuhakikishia hapa hatuna.

Baba alimpelekea Shangazi habari hiyo jioni hiyohiyo, akidhani anampelekea zawadi. Shangazi hakuipokea. Alisema daktari ni mtu mwema anayetaka kumfariji, na kwamba neno "huenda" yeye analijua, ndilo wanalowaambia wateja wakati fundi bado hajatoka hata ofisini. Akaenda kumwuliza Bibi, mara moja tu, kama jicho la mtoto lilikuwa na kasoro yoyote kabla ya siku ya ufagio. Bibi alikuwa anachambua mchele, akasema, "Mambo ya zamani yamekwisha, mwanangu," akainuka na sinia lake akaingia jikoni. Bibi alifariki mwaka 1998 na hatukupata tena la kuongeza.

Kwa hiyo Shangazi akaendelea kubeba, na safari hii akatubeba wawili. Ndiye aliyekuwa akinipeleka kliniki kila baada ya miezi mitatu, ndiye aliyenifundisha kuosha jicho langu la bandia na kulirudisha bila kioo, na nilipotaniwa shuleni alikuja mwenyewe, amevaa sare ya kampuni, akamwambia mwalimu wa darasa kwa ile sauti yake ya simu kwamba mtaa huu unaweza kukosa umeme kwa muda mrefu sana. Nilikuwa na miaka tisa, na nilimwona mkubwa kuliko serikali.

Mwaka 2009 hospitali ya chuo kikuu ilianza utafiti wa kutafuta chanzo cha kurithi cha saratani hii, yaani kosa lililo ndani ya vinasaba, yale maandishi madogo mno yaliyomo katika damu ambayo mzazi humwachia mtoto pamoja na pua na kimo. Aliyeuongoza alikuwa mama mmoja kijana, mpole, anayesahau miwani yake kichwani, nasi tukamwita Dokta Miwani, naye yupo hapa leo na miwani iko hapohapo. Mimi na Baba tulitoa damu, tukangoja, na jibu likaja kwamba hawajaona kitu. Wakatafuta tena kwa njia nyingine, hawakuona. Baba alisema basi tuachane nalo, tuna afya, tuna mkate, tunataka nini. Shangazi ndiye aliyekataa, kila mwezi anapiga simu, "Dokta, hapa ni nyumbani kwa wale wa macho, kuna jipya?" mpaka Dokta Miwani akaizoea sauti hiyo na kuanza kuipigia yeye mwenyewe.

Jipya lilikuja tarehe 22 Agosti 2013. Tulikaa katika chumba cha ghorofa ya tatu, chenye mwanasesere asiye na mkono juu ya kabati na kiti kimoja pungufu, kwa hiyo Baba alisimama, na Dokta Miwani akatueleza kwamba herufi moja, katika sehemu ya maandishi ambayo wengi huiruka kwa kudhani haina kazi, imekaa pasipo pake, na kosa hilo ninalo mimi, analo Baba, na, kwa kuwa Shangazi naye alikuwa ametoa damu ili kulinganisha, analo hata yeye. Alieleza kwamba si kila aliye nalo huugua, wengine huishi nalo mpaka uzee bila kuguswa, na kwamba kwa kuwa ndugu wawili wanalo, lazima lilitoka kwa mzazi. Akachora ukoo wetu kwenye karatasi, wanaume miraba, wanawake duara, wagonjwa wamepakwa wino, na Shangazi akapewa duara lenye nukta katikati.

Shangazi aliigusa nukta hiyo kwa kidole. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kijiti?"

"Kijiti gani?" akauliza Dokta Miwani, ambaye hakuwahi kusimuliwa.

Baba akamsimulia, safari hii bila kucheka. Dokta akaweka kalamu chini, akamgeukia Shangazi, akasema, "Mama, hata kama kijiti kiligusa jicho, na sijui kama kiligusa, jicho lile lilikuwa linaumwa tangu kabla mtoto hajajua kutambaa. Lingetolewa tu. Hukufanya kitu."

"Rudia hapo mwisho," Shangazi akasema, "laini ilikatika."

"Hukufanya kitu, Mama."

Akachukua mkoba wake akatoka. Tulimtafuta kwenye korido, tukamtafuta chooni, tukamkuta kantini ameketi peke yake mbele ya sahani ya mayai, mkate na soda mbili, anakula kama mtu aliyetoka safari ndefu, na Baba alipovuta kiti akamwambia, "Niache nile, nina njaa ya tangu mwaka hamsini na sita." Baba alikaa akamtazama, akasema taratibu, "Dada, mimi nilikuwa nakutania." Shangazi akamjibu, "Najua. Mimi ndiye nilikuwa sitanii." Kisha akamsogezea soda ya pili, na Baba, mwenye miaka hamsini na minane, akalia mbele ya wahudumu wa kantini bila kujificha.

Wengine wangeishia hapo, wakapumzika. Shangazi alirudi nyumbani, akalala siku mbili, akaamka akauliza swali moja. Kama kosa lilitoka kwa mzazi, na Babu alizaliwa peke yake ilhali Bibi alikuwa na ndugu, je, huko kwa hao ndugu kuna nani mwingine mwenye jicho? Dokta Miwani naye alikuwa akitaka kujua hivyohivyo, maana kadiri wanavyopata watu wengi wa ukoo mmoja ndivyo wanavyohakikisha kwamba kosa ni hilo, na watoto watakaozaliwa wapimwe mapema. Lakini ndugu wa Bibi walikuwa wametawanyika miji mingi, na nusu yao hawasemezani. Shangazi akavuta simu ya mezani karibu na kochi lake, akaweka mto nyuma ya kiuno, akaanza kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mitano, kuunganisha watu.

Aliyoyakuta yalitushangaza sote. Binti wa mdogo wake Bibi alikuwa na jicho moja, na kwao ilijulikana kwamba alidonolewa na jogoo, na jogoo huyo alichinjwa siku ileile. Shangazi alisema wote waliosingiziwa watasafishwa majina, isipokuwa jogoo, kwa kuwa yeye ameshaliwa.

Lakini kwa kaka yake Bibi jambo lilikuwa zito. Huko mtoto wa kike wa miaka mitatu alifariki mwaka 1953, na ikasemwa aliuawa na jiwe alilorushiwa na kaka yake wakicheza, mvulana wa miaka tisa. Mvulana huyo alipelekwa kulelewa kwa watu, akakua, akawa dereva wa malori, na kwa zaidi ya miaka hamsini hakukanyaga kwenye shughuli yoyote ya ukoo. Shangazi alimsaka kupitia madereva wastaafu, mmoja akimtaja mwingine, mpaka Januari 2014 akampata, na mimi nilikuwa nimeketi kando yake, simu ikiwa kwenye spika kwa sababu masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka.

"Wewe nani?" sauti ikauliza.

"Mimi binti wa shangazi yako, yule mshona magunia. Ndiye mimi niliyemtoboa jicho mdogo wangu."

Kisha akasema, "Kumbe na wewe?"

"Na mimi. Hebu niambie, kaka yangu, yule mtoto, kabla ya jiwe, jicho lake lilikuwaje?"

"Kabla ya jiwe?"

"Kabla."

Tulisikia redio huko kwake, ikazimwa. "Lilikuwa linang'aa," akasema. "Kama la paka. Watoto tulikuwa tunamcheka. Tulimwita Tochi."

"Na jiwe ulilirusha kabla jicho halijaanza kung'aa, au baada?"

Sijawahi kusikia simu nzito kama ile. Shangazi, ambaye maisha yake yote alilipwa kutoacha laini ikae kimya, aliiacha ikae.

"Baada," yule mzee akasema. "Baada sana." Halafu akasema, "Ngoja nikae chini," na tukasikia kiti kikiburutwa.

Alikuja kabla mwezi haujaisha, akatoa damu, na jibu lilipotoka alikuwa naye duara, au tuseme mraba, wenye nukta katikati, na Dokta Miwani akamwambia alivyomwambia Shangazi. Mzee huyo ameketi leo kando ya baba yangu. Kuanzia siku hiyo wawili hawa, Shangazi na mtoto wa mjomba wake, walizungumza kwa simu kila Jumapili, na mara nyingi hawakuwa na la maana la kuambiana, walikuwa wakilinganisha hali ya hewa.

Mwisho wa yote ndugu wengi walijitokeza, wakiwemo wasiosemezana, ambao Shangazi aliwapangia siku tofauti, na kaka yetu fundi wa lifti alipimwa akakutwa hana kosa hilo, jambo ambalo mama yake alilitangaza mtaa mzima. Waliokataa walikuwa wachache, na wakubwa wao walikuwa watoto wa kiume wa huyu mzee dereva, waliosema baba yao ana macho mawili, wao wana macho mawili, sasa damu ya nini. Shangazi hakuwagombeza. Aliwapigia tu kila mwaka, kuwauliza habari za watoto wao wadogo.

Matunda ya kazi hiyo mimi nimeyala kuliko wote. Binti yangu alizaliwa tarehe 2 Februari 2016, damu yake ikapimwa, akakutwa amerithi. Siwezi kuwaambia kwamba sikulia. Lakini kwa kuwa tulijua, walimtazama macho tangu wiki ya kwanza, na alipofikisha miezi miwili wakaona katika jicho la kulia kidoa kidogo kuliko punje ya ufuta, wakakichoma kwa mwanga wa leza, na kingine mwezi uliofuata, wakavimaliza. Shangazi ndiye aliyemshika siku ya mwisho ya matibabu, akiwa amevaa aproni ya hospitali iliyomzidi, na daktari aliposema macho yote mawili yako salama, akamwinamia mtoto akamwambia, "Umesikia? Huku kwetu hakuna aliyekufanya kitu." Binti yangu ana miaka tisa sasa, anaona kwa macho yote mawili, na mengine anayoyaona ingekuwa bora asiyaone.

Tangu hapo, kila Jumanne Shangazi alikwenda kliniki ya macho ya watoto kukaa na wazazi wapya kwenye benchi, hakuwa na cheo wala beji, na baada ya salamu alikuwa na swali moja, "Na nyumbani kwenu, nani anasemwa?" Karibu kila nyumba ilikuwa na mtu, mara mama aliyekula kitu fulani akiwa mjamzito, mara mjakazi, mara jirani mwenye jicho baya, na Shangazi alikuwa akiomba namba ya huyo mtu.

Kuhusu ugonjwa wake, mwezi wa kumi na moja mwaka 2023 alianza kuishiwa pumzi na kuvimba miguu, madaktari wakagundua moyo umechoka, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, akiwa hajapoteza hamu ya kula wala ya kubishana. Mwezi wa tano mwaka huu alirudi wodini kwa mara ya mwisho. Baba alimpelekea mkate kila asubuhi, ungali moto, akamlisha kwa vipande vidogo, na asubuhi ya Jumatatu tarehe 9 Juni 2025 alikula kipande kimoja, akamwambia huu umezidisha kidogo kuuacha jikoni, akafumba macho, na alipofika muuguzi wa zamu alikuwa ameshatuacha, akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Ameacha mtoto mmoja, wajukuu watatu, mdogo wake, na mimi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomvumilia mgonjwa aliyependa kuwajibia simu zao. Tunamshukuru Dokta Miwani na wenzake wote wa maabara, tunawashukuru majirani kwa viti, vyombo na macho mekundu ya kukesha nasi, na tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa kampuni ya umeme, mliokuja kwa wingi, ingawa jana saa ya chakula mlitukatia, tumewasamehe.

Limebaki ombi lake moja, aliloniachia kwa mdomo akiwa na akili zake timamu. Alisema watu wa ukoo huu hawajai mahali pamoja ila kwenye msiba, basi wake usipotee bure. Kwa hiyo muuguzi wa kuchukua damu yupo, ameketi kwenye meza ndogo pale nyuma ya viti vya mwisho, ana sanduku la barafu, ana sindano mpya, na tukishatoka makaburini yeyote wa upande wa Bibi ambaye hajapimwa aende kwake, na mwenye mtoto mchanga aanze. Sikutegemea jibu la haraka, lakini kabla sijamaliza kusoma hapa nimemwona mtoto mkubwa wa mzee dereva akimsalimia muuguzi, akavua koti, akaanza kukunja mkono wa shati.

Lala, Shangazi. Pumzika kwa amani, sisi tumeshajipanga foleni.